Swichi ya Chumba cha Pasi

Nilikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ambayo shangazi yangu alikuwa fundi wa mtandao, na sijapata tena kazi tamu kama ile. Saa ya chai alinipa darasa nisiloliomba. Swichi zinazounganisha kompyuta, alisema, zimefungwa nyaya kwa mzunguko, ili waya mmoja ukikatika mwingine ushike. Ila mzunguko ukiachwa wazi, ujumbe huzunguka humo bila kikomo. Kwa hiyo swichi huchagua mkuu mmoja, kisha hufunga njia za ziada.

"Zinachaguaje, shangazi?"

"Kila moja inajitangaza, 'Mkuu ni mimi!' Yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo inashinda. Usipozipangia, zinaangalia namba za kiwandani, na hapo mara nyingi kikongwe ndicho kinapita. Siyo kama kwenu, ambako kila siku anashinda mama yako."

Mkuu wetu alikuwa swichi kuukuu ya chumba cha pasi, ya kwanza shangazi kuifunga kwa mikono yake. Zilipokuja mpya zenye nguvu, alitakiwa kuipa mojawapo namba ndogo. Kila siku kesho, kesho, mpaka miaka ikapita.

Ndipo kompyuta zikaanza kuganda kila asubuhi, karibu dakika nzima, mara mbili. Wagonjwa walinifokea mimi, utadhani nimezigandisha kwa makusudi! Kumbe mfuaji mpya alikuwa anachomoa swichi ile apate pa kuchomeka pasi. Mkuu akizimika, uchaguzi; akirudi, uchaguzi tena, na uchaguzi ukiendelea ujumbe haupiti.

Meneja alituita sote chumbani mle. "Huyu anafungasha virago leo," alisema. Mfuaji, baba wa watoto watatu, alisimama na koti la daktari mkononi.

Nilimkanyaga shangazi mguu anyamaze. Namjua.

"Kosa ni langu," akasema. "Swichi ya huku pembeni haikupaswa kusimamisha hospitali nzima. Nilijua ndiyo inayoongoza. Nikaiacha kwa sababu naipenda, basi."

Mfuaji alibaki. Shangazi alipewa barua ya kuachishwa kazi mchana uleule, lakini kabla ya kuondoka alikaa akaipangia swichi mpya namba ndogo, kazi ya dakika moja tu. Nilimkasirikia mno, na bado namkumbuka kwa uchungu.

Kesho yake kompyuta hazikuganda hata mara moja. Nilikaa dirishani pangu nikiomba zigande, ili wamwite.