Ng'ombe wa Nyawira Mwenye Miguu Mirefu

Nakumbuka mwaka wa sabini na mbili, nikiwa na miaka kumi na mbili: baba alikufa mvua ikianza, nami nikatoka darasa la tatu, sikurudi. Brashi ndiyo iliyonilea, mwanangu. Mzee Salimu wa Majengo, pale mjini Nyeri, ndiye aliyenifundisha kuchora mabango ya bucha na hoteli. Kazi yenyewe ni hii: unachukua picha ya kalenda, unaipiga miraba kwa penseli, unapiga miraba mikubwa ukutani, kisha unahamisha mraba baada ya mraba. Mzee Salimu aliwahi kuniambia, "Kijana, mkono wako mwepesi, lakini cha kwako mwenyewe utachora lini?" Nilinuna wiki nzima. Kutoka Mweiga mpaka Timau, ukiona ng'ombe mnono kwenye ukuta wa bucha, uliza ni wa nani. Ni wangu.

Basi mwaka jana shule ya nasari hapa Endarasha ikampa Nyawira ukuta auchore. Ni binti wa jirani yangu, anachora picha za vitabu vya watoto. Na ukuta huo, mwanangu, nilikuwa naungoja mimi. Hakupiga mraba hata mmoja. Alichora kutoka kichwani: ng'ombe mwenye miguu mirefu kama mikaratusi, tumbo kama wingu la mvua, na katikati ya miguu mlima wetu umesimama, mdogo kama kikombe. Watu walijaa wakafurahi. Mimi kifua kikawaka.

"Hiyo ni ng'ombe ama ni twiga imelewa?" nikauliza kwa sauti.

"Ni ng'ombe, Guka," akanijibu bila kushuka kwenye ngazi; Guka ni babu, ndivyo anavyoniita. "Ile yako ya bucha ndio imesimama ikingoja kisu."

Walicheka, na niliyechekwa ni mimi.

Sasa, mimi niko kwenye kamati ya shule, na neno langu lina uzito. Nikawaambia wenzangu picha ile itapotosha watoto, ipakwe chokaa Jumatatu. Wakakubali, maana mchoraji amesema. Nyawira aliposikia, aliosha brashi zake akaenda. Siku hiyo chai ilinishuka vizuri sana.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda pale peke yangu na penseli. Nilitaka kuipiga miraba ile picha, nihesabu makosa yake, niyaonyeshe mbele ya watu. Nikaanza na kwato. Goti likanisumbua, nikakaa kwenye nyasi. Nikatazama juu kutoka pale chini, na ng'ombe yule akakaa sawa! Ng'ombe wangu wote nimewachora kama wanavyoonwa na mtu aliyesimama. Huyu ameonwa na mtoto aliyekaa chini, mama akikamua. Mimi pia nilikuwa mtoto huyo, na miaka hamsini ya brashi sikuwahi kumfikiria. Kwa mkono namshinda Nyawira. Kuwaza hivyo, siwezi. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Jumatatu ndoo ya chokaa ilikuwa tayari. "Rudisheni hiyo chokaa," nikasema.

"Lakini Mzee, juzi ulisema..." mwalimu mkuu akaanza.

"Juzi nilisema kwa wivu. Kaeni chini hapa muone."

Mwalimu na kamati wakakaa kwenye nyasi na suti zao, wakatazama juu, wakaona nilichokiona. Nikavua kofia, nikamwomba msamaha Nyawira, aliyekuwa amesimama pembeni, mbele yao wote. Hakunishukuru, na ni haki yake. "Guka, karibu niache hii kazi," akasema tu.

Wazee wetu husema mtoto asiyetembea hudhani mama yake tu ndiye ajuaye kupika. Mimi nilikuwa mtoto huyo, na mvi zangu zote. Mwanangu, wivu utakujia, haupigi hodi. Usijidanganye kwamba huna, ila usiukabidhi neno lako. Kazi ya mwenzako ikikuuma, isogelee mpaka ujue imekuuma wapi, kisha isifu kwa sauti ile ile uliyoitukania. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Leo niko na nyumba ya mawe, ekari mbili za viazi, ng'ombe wanne, ngazi mbili za mbao, na kitabu kimoja cha Nyawira nilichonunua kwa pesa yangu. Mungu akupe mkono wa kazi, mwanangu, na akupe moyo wa kuuvumilia mkono unaokushinda.