Fundi Anayewapa Alama Wagombea wa Mlimani

Saa moja asubuhi, Verlene Pickett amelala chali chini ya pikipiki ya magurudumu manne, miguu yake tu ndiyo inayoonekana. Anachomoa chujio la hewa, anatoka nalo, analigonga mezani. Hakuna hata chembe ya vumbi inayodondoka.

"Mwenyewe kaniapia anapanda mlimani kila Jumamosi," anasema. "Labda anapanda usingizini."

Mwenye pikipiki ni mgombea. Verlene hamtaji, naye hana haja ya kumtaja. Njia ya mwongo ni fupi, na katika mji mdogo kama Sandrock, hapa Utah, ni fupi zaidi.

Ana miaka sitini na mmoja, thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia katika karakana hii. Hutoza dola sitini na tano kwa saa. Kazi yake ya pili haimlipi hata senti: huwasahihisha wagombea kwa niaba ya chama cha waendesha pikipiki wa mlimani, chenye wanachama mia mbili na kumi na wawili.

Kila uchaguzi huwapelekea maswali tisa kuhusu njia za ardhi ya umma: ipi utaifungua, ipi utaifunga, kwa nini. Majibu hupewa alama, na kadi hufika kila nyumba. "Chama kikikupa F," anasema, "nenda kafuge kuku."

Ameongeza sharti lake mwenyewe. Mgombea apande mlimani, aendeshe yeye, asibebwe.

Mwaka huu kiti cha ukamishna wa kaunti kinagombewa na wawili: Reed Orton, muuza matrekta, na Marva Stott, mwalimu mstaafu. Swali la nne linahusu Barabara ya Kinu, iliyofungwa kwa geti miaka miwili iliyopita.

Swali hilo linamkata maini Verlene. Mwisho wa barabara hiyo, kilomita kumi na tisa juu, kando ya chemchemi, yeye na mumewe, Dell, walizika majivu ya mtoto wao wa pekee, Trevin, zimamoto wa misitu aliyekufa akiwa na miaka ishirini na saba. Dell ana ugonjwa wa kutetemeka. Hawezi kutembea hata mita mia. Daktari amesema kiangazi kijacho huenda kikawa cha mwisho kwake kukaa juu ya pikipiki.

Orton alijibu swali la nne kwa neno moja: ndiyo. Ataifungua wiki ya kwanza. Alipoitwa mlimani, akasema ana mkutano.

Bi. Stott alijibu hapana, mpaka ukarabati uishe, na huo utachukua miaka miwili. Kisha akaja, akaendesha mpaka getini, na wanawake hao wawili wakaendelea kwa miguu kilomita nne.

"Alinionyesha ufa chini ya barabara, udongo umeanza kuporomoka," Verlene anasema. "Nikaingiza mkono, ukazama mpaka begani. Nilitamani nisingeuona."

Kwa kanuni ya chama, hapana katika swali la nne ni F. Verlene akampa Bi. Stott B. Orton akapata D.

Kwenye mkutano, Lamar Hess, mwanachama wa siku nyingi, alisimama akitweta. "Dada Verlene, umetuuza!"

"Ndugu Lamar, wewe ningekuuza, nani angekununua?"

Ukumbi ulicheka, na kadi ikapita kwa tofauti ya kura chache. Dell hakucheka. Usiku ule alimwambia mkewe, "Ni mwanangu pia." Siku nne zilizofuata, alimsemesha mezani kwa kuomba chumvi tu.

Jumanne karatasi za kura zinafika kwa posta, kama ilivyo desturi hapa, na wanajaza kwenye meza ya jikoni. Nipo nao. Verlene anamaliza haraka. Dell anashika kalamu, lakini mkono unakimbia na karatasi inateleza.

"Nishikie," anasema.

Verlene anaikandamiza kwa viganja viwili vyenye grisi kwenye kucha. Kalamu inakwenda taratibu mpaka kwenye duara la Reed Orton. Dell anachukua karibu dakika nzima kulijaza. Karatasi haitikisiki.

"Asante, mke wangu."

"Weka sahihi kwenye bahasha," anajibu. "Bila hiyo hawaihesabu."

Nje, karibu na sanduku la posta, namuuliza anatumaini nini. Anafuta macho kwa mkono wa shati, haoni haya.

"Ashinde Bi. Stott, na Dell aishi miaka miwili. Nimemwomba Mungu vyote viwili."

Na akishinda Orton, geti likafunguliwa?

"Tutapanda, nitamwambia nini? Nitatangulia mimi, yeye abaki nyuma mita mia mbili. Udongo ukitaka kuondoka, utaondoka na mimi, na yeye atakuwa na nafasi ya kusimama."