Friji Juu ya Kitanda cha Mgonjwa

Miaka kumi na sita ameendesha gari la wagonjwa, na miaka kumi na sita watu wanamwita Mayai. Jina alipewa na bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Aliposhushwa salama, bibi alisema huyu dereva anaendesha utadhani nyuma kapakia trei za mayai. Basi likamganda. Hata mkewe humwita hivyo akiwa na furaha. Akinuna humwita "wewe".

Na kweli anajua kazi. Anajua tuta lipi lipandwe kwa ubavu na shimo lipi likwepwe hata kama nyuma wanampigia honi mpaka wachoke. Kitanda cha nyuma anakifuta mwenyewe kwa dawa kila asubuhi, na ole wako uweke hata mkoba juu yake. "Hiyo si meza," husema. "Hapo hulala mtu."

Sasa mtu huyohuyo, jamani, ndiye aliyelaza friji juu ya kitanda hicho. Nitasimulia ilivyokuwa, na mkikasirika, kasirikeni tu, maana mimi mwenyewe sijapoa.

Bosi wake ana magari matatu na methali moja: mkono mtupu haulambwi. Hakuna hospitali ndogo mjini ambayo haikupata kitu kutoka kwake. Huku feni, kule birika la umeme, kule saa ya ukutani yenye namba ya simu ya kampuni katikati ya uso wake. Hongo? Wee, thubutu! Zinaitwa "shukrani". Masharti hayaandikwi popote, lakini kila nesi anayajua: akiwa na mgonjwa wa kuhamishiwa hospitali kubwa, apige namba ile, asipige nyingine. Mpelekaji wa shukrani alikuwa Mayai, kwa kuwa ana uso wa upole na manesi wanampenda. Naye alikuwa anapenda kupendwa, tusifichane.

Aliyemsema alikuwa mmoja tu, dada yake. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, kwa cherehani moja na mdomo usiojua likizo. Siku moja Mayai alimkuta anapinda gauni, pini zimejaa midomoni, akamhadithia habari za feni. Dada akazitema pini kiganjani.

"Mdogo wangu, nesi anapata feni. Bosi anapata wagonjwa. Mgonjwa je, anapata nini?"

"Si anapata upepo wa feni, Dada!" Mayai akacheka.

Dada hakucheka.

"Mbona hata wewe," Mayai akajitetea, "mteja akikuletea mwenzake unamwekea vifungo vya bure?"

"Mpumbavu mkubwa. Kifungo nampa anayevaa gauni. Nikimshonea ovyo, kesho anahamia kwa fundi mwingine. Huyo mgonjwa wenu kalala chali hata jina lake halikumbuki, atahamia kwa nani? Anayechagua ni mwingine, anayekufa ni mwingine. Ondoka hapa, unanikanyagia kitambaa."

Mayai akaondoka huku anacheka bado. Aliona dada yake ana maneno mengi tu.

Ikaja Jumanne moja. Asubuhi Bosi akamwita, akamwonyesha friji jipya lenye utepe mwekundu. Lilikuwa la matroni wa hospitali moja upande wa pili wa mji. Pikapu ya kampuni ilikuwa kwa fundi. "Litie kwenye gari lako," Bosi akasema. Mayai akasema hapana, kitanda ni cha wagonjwa. Bosi akamuuliza kama mshahara wake nao ni wa wagonjwa. Basi. Wakalilaza friji kitandani, wakalifunga kwa mikanda ya kumfungia mgonjwa, wakalifunika blanketi ili watu wasichungulie.

Njiani kukawa na foleni. Alichofanya Mayai hapo mimi nashindwa kukimeza mpaka leo: aliwasha king'ora. Lori likapanda ukingoni mwa barabara. Mama mmoja akamvuta mwanawe kando, akaweka mkono kifuani akimwombea mgonjwa aliyemo ndani. Mji mzima ukaliachia friji njia! Na Mayai, nyuma ya usukani, akatabasamu.

Hajafika, simu ikalia. Alikuwa msichana wa mapokezi wa kampuni: kuna mama amepigwa na kiharusi, yuko ile hospitali ndogo ya karibu na soko, apelekwe hospitali kubwa haraka.

"Nina friji," Mayai akasema. "Waite gari lingine."

"Yetu mawili yako safarini. Nesi nimemwambia aite la wengine. Kasema anasubiri letu. Na Bosi kasema shusha friji kwanza, matroni asije akachukia."

Mayai akashusha friji. Matroni akataka likae karibu na dirisha. Akabadili mawazo, likae nyuma ya mlango. Soketi ya nyuma ya mlango ilikuwa mbovu, wakalirudisha dirishani. Akaomba lijaribiwe kama linagandisha. Mayai alikuwa anatazama saa yake na kukereka, lakini ilikuwa kero ya mtu aliyechelewa kazini, hakuna zaidi. Mgonjwa hakumjua ni nani.

Alimjua alipofika. Wa kwanza kumwona alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, kasimama mlangoni na kiatu kimoja cha mama yake mkononi.

"Mjomba! Mjomba, mbona mmechelewa hivyo?"

Ndani, dada yake amelala kwenye kitanda cha ukutani, mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia. Juu ya kichwa chake ilikuwa saa ya kampuni, ile ile ambayo Mayai aliipigilia msumari kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibu Mayai," nesi akasema kwa bashasha. "Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Wakiwa njiani, mpwa alimweleza yote kwa sauti ya kilio. Walikuwa wamekaa pale saa nzima na nusu. Getini kulikuwa na gari jingine la wagonjwa, tupu, dereva wake anasoma gazeti. Mpwa alimlilia nesi wachukue lile. Dereva mwenyewe alikuja mpaka dirishani, akasema yuko tayari, hata malipo yatazungumzwa baadaye. Nesi akamfukuza, akasema hapa kuna utaratibu. Na kila mama alipoguna, kila binti alipouliza, jibu lilikuwa moja: "Subirini. Gari letu liko njiani."

"Letu, Mjomba! Kasema letu!"

Mayai akakanyaga mafuta. Siku hiyo matuta aliyaruka.

Daktari wa hospitali kubwa hakumficha. Alisema kwa ugonjwa huu saa za mwanzo ndizo dawa, na wangemfikisha mapema kidogo angekuwa na la kufanya zaidi. Dada hakufa. Lakini mkono wa kulia, mkono wa mkasi na sindano, ulibaki kama si wake. Na lile domo lisilojua likizo likabakiwa na neno moja tu. Daktari alisema hutokea hivyo, neno moja linanasa na mengine yanapotea. Akitaka maji, akitaka kugeuzwa, akimwita mwanawe, analisema hilohilo.

Siku ya nne Bosi akaja kumjulia hali. Alikuja na kapu la matunda mkono wa kushoto, na mkono wa kulia boksi kubwa lenye utepe mwekundu. Kapu akaliweka miguuni pa mgonjwa. Boksi akamgeukia nalo nesi wa wodi. "Shukrani kidogo tu, sista."

Mayai akainuka kitini.

"Rudisha."

"Mayai, taratibu, hapa ni—"

"Rudisha nimesema! Hujatosheka? Hata hapa, mbele ya kitanda chake?" Sauti hiyo wodi nzima iliisikia, na hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Nesi akarudisha mkono nyuma.

Bosi akajikausha, akamwinamia mgonjwa. "Pole sana, Dada. Unahitaji nini? Sema chochote, tutaleta."

Dada akamtazama. "Subirini," akasema.

"Eh? Tusubiri nini, Dada?"

"Subirini."

"Ndilo neno alilobakiwa nalo," Mayai akasema. "Alifundishwa na nesi wako." Akatoa funguo za gari mfukoni, akazitupa juu ya boksi. "Friji zako beba mwenyewe."

Bosi alifungua mdomo, akaona wagonjwa wote wanamtazama, akaondoka na boksi lake na funguo. Kapu aliliacha. Mpwa akalitoa nje.

Mayai akabaki na dada yake. Hasira ikamshuka, na kilichobaki chini yake kilikuwa kibaya zaidi. Akapiga magoti, akaushika ule mkono usioshika.

"Dada, ile saa niliitundika mimi. Na gari mlilokuwa mnalisubiri lilikuwa langu, nilikuwa nimebeba friji. Uliniambia nikacheka. Nisamehe, Dada yangu."

Dada akamtazama, machozi yakimtoka jicho moja.

"Subirini," akasema, akageuzia uso ukutani.