Mchezo wa Kurudi Nyumbani

Mimi ni mtu wa ndani. Ndugu yangu husema nikitumwa Sidab, hapo jirani tu, kununua samaki hufunga mzigo kama naenda Hija, na wallahi hakosei sana. Ngazi za kutoka fleti yetu ya hapa Darsait, nchi ya Waarabu, mpaka dukani chini zinanitosha kwa utalii. Kwa hivyo aliponipigia simu kuniambia kapewa tiketi tatu kazini kwake, kiwandani Rusayl, za kwenda kuangalia besiboli, niliuliza kwanza kama kuna choo, halafu ndiyo nikauliza besiboli ni kitu gani.

"Ule mpira wa gongo, dada. Wa Wamarekani."

"Si ndiyo kriketi hiyo?"

"Siyo. Na wewe usijitie kujua, kriketi yenyewe umeiona dirishani."

Timu mbili za wachezaji wa kulipwa zilikuwa zimekuja kutoka nchi jirani kucheza mechi ya maonyesho, na uwanja wa kriketi ulichorwa mistari upya kwa ajili yao.

"Mchukue na mama," akasema. "Nataka kumuuliza lile jambo akiwa kafurahi."

Lile jambo lilikuwa linaninyima usingizi. Mama yetu ameanza kusahau. Kila siku akishasali alasiri huvaa buibui lake, hukaa karibu na mlango, mkoba mapajani, akasema, "Haya, nipelekeni nyumbani." Nikimwambia mbona tuko nyumbani, hujibu kwa adabu zote, "Ndiyo mwanangu, mmenikirimu, Mungu awalipe. Sasa nipelekeni nyumbani."

Ndugu yangu alishakata shauri. Mama anataka Unguja, alikozaliwa. Ampeleke akae na watoto wa marehemu dada yake, amalizie uzee wake huko. Mimi nilikuwa nikipinga, lakini hoja sina, nna woga tu. Ile nyumba aliyozaliwa ilishaanguka zamani. Nilikuwa namwona kakaa karibu na mlango mwingine, mkoba mapajani, akiwaambia watu asiowajua wampeleke nyumbani, na mimi bahari nzima katikati siwezi hata kumjibu. Na nilikuwa najiona mwenyewe vilevile, nimebaki Darsait na buli la watu watatu.

Basi tukaenda. Nilibeba chupa ya chai, kachori, mito mitatu ya kukalia na sweta, jua bado linachoma. Askari wa mlangoni akatazama kapu, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiarabu kama tunahamia. Ndugu yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Tulimkalisha mama katikati. Mbele yetu majani ya kijani kama zulia jipya, nyuma yake milima mitupu. Mrushaji akajikunja kama anayefunga kiatu, akaurusha mpira kwa nguvu ambazo mimi ningezigawa kwa wiki nzima. Mpigaji kasimama na gongo lake, hakusogea.

"Huyu mbona hakwepi?" mama akauliza.

"Hakwepi, mama. Anataka kuupiga."

"Ataumia."

Na kweli, mpira wa tatu ulimpiga begani. Mama akasimama, akapiga makofi. "Kapigwa! Katoka!"

"Hajatoka," ndugu yangu akasema, macho kwenye simu, anasoma sheria. "Akipigwa anapewa kituo cha kwanza bure."

Mama alimtazama kama mtu aliyeambiwa chumvi ni tamu. "Kapigwa, halafu anapewa? Mchezo gani huo! Kule kwetu tukicheza nage, wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa. Ukipigwa, umetoka, unakaa chini na mchanga wako. Kule kwetu hakuna bure."

Miezi mingi sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi namna ile. Ndugu yangu akanikonyeza: unaona? Unguja hiyo. Akamsogelea.

"Mama, tazama yule. Anazunguka vituo vyote, lakini hapati kitu mpaka arudi kwenye kile kibao cheupe. Wenyewe wanakiita nyumbani."

"Si pale pale alipoanzia?"

"Pale pale."

"Sasa si angekaa tu?"

"Mfano wa dada," akasema mwanaharamu yule, na mimi nikacheka na chai ikanipalia. Nikiwa bado nakohoa, neno likanirudia. Kule kwetu.

"Umemsikia?" nikamuuliza ndugu yangu juu ya kichwa cha mama. "Kasema kule kwetu."

"Si ndiyo Unguja?"

"Ndiyo. Unguja yeye huiita kwetu. Tangu tuko wadogo, umewahi kumsikia akipaita nyumbani?"

Akaiweka simu mapajani. Tulipokuwa watoto, sikukuu tukizungushwa nyumba za watu Mutrah na Ruwi, mama akichoka alikuwa akitukusanya: haya, twendeni nyumbani. Unguja akiitaja kwa jina, au akisema kwetu. Mimi na kidato changu cha nne nilikuwa nayasikia maneno yote mawili kila siku, nayapika chungu kimoja.

Chini, mtu mmoja alifika kwenye kibao akiburuza tumbo, vumbi juu, watu wakapiga kelele. Ndugu yangu hakutazama.

"Mama," akauliza polepole, "ukisema nyumbani, ni wapi?"

Mama akavuta mkoba. "Nyumbani kwangu, baba. Nshakaa sana hapa. Nimewaacha watoto peke yao."

"Watoto gani?"

"Nnao wawili. Mkubwa hanipi tabu, huyo hatoki ndani. Mdogo ndiye mtoro. Magharibi inaingia na hajarudi."

Mkubwa alikuwa kulia kwake, mdogo kushoto. Nikaanza kukunja mito, maana mikono yangu ilitaka kazi. Ndugu yangu aliinamia kiatu kisichokuwa na kamba, akajitia kukifunga.

Garini ndugu yangu alisema mara moja tu: "Basi safari hamna." Nilidhani nikishinda nitafurahi. Unguja ingalikuwa na ndege angalau. Huko anakotaka kwenda mama, nani atampeleka?

Tulipofika juu nikaufungua mlango wetu, na mama akasimama mbele yake, akarekebisha buibui, akagonga ukuta. "Hodi? Hodi wenyewe?"

Siku zote ningesema, ingia mama, kwako hapa, unabisha hodi kwa nani. Safari hii nikapita pembeni yake na kapu langu, nikaingia kwanza, nikageuka.

"Karibu," nikasema.

"Watoto wapo?"

"Wapo."

"Na yule mdogo? Karudi?"

Ndugu yangu alikuwa nyuma yake ngazini, kakumbatia mito. "Nimerudi, mama."

Mama hakugeuka. Alinitazama mimi, mwenye nyumba, anangoja nithibitishe.

"Karudi," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akavua viatu, akaingia, akakaa kiti kile kile cha karibu na mlango. Mkoba hakuuweka chini.