Volti Zilizoishia Darini

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilifundisha fizikia katika shule moja ya upili Kajiado, na jioni nilirudi Kitengela nikiamini hakuna mtu mtaani anayejua umeme kunishinda. Nilikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza hewani na wenzako kwa kujifurahisha tu. Mzee mmoja wa Namanga, mwanaridhaa mwenzangu, alikuwa amenigawia redio yake ya zamani. Iliendeshwa kwa betri ya gari, na mke wangu hakutaka betri hiyo chumbani kwa sababu ya harufu ya asidi, basi nikaiweka stoo na kupitisha waya darini, mita kumi na mbili hadi mezani kwangu.

Kusikiliza, redio ilisikiliza vizuri. Shida ilikuwa kusema. Nikibonyeza kitufe cha maikrofoni na kutamka "Habari za...", taa inafifia, redio inazimika, kisha inawaka tena kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nikapima volti kwenye betri, nikapima kwenye redio, zikakaribiana. Nilipima redio ikiwa imetulia, bila kubonyeza kitufe, kosa ambalo mwanafunzi wangu angelifanya ningemnyima alama. Nikaamua redio ni mbovu, nikampigia simu mzee wa Namanga.

"Mzee, ulinipa kitu ulichotaka kutupa."

"Kwangu ilikuwa inasema," akajibu, akakata.

Jumamosi iliyofuata jirani yangu Mmaasai, dereva wa lori la maji, alinikuta nikibonyeza na kulaani. Alishika waya pale ilipotokea darini, akautoa mkono haraka.

"Mwalimu, hii iko na moto. Si ni ya kengele ya mlango?"

"Ni ya umeme," nikasema kwa ukali.

"Starter ya lori yangu, ile ya kuwasha injini, nikiifunga na hii, itazunguka kweli? Waya ya betri ni nono kama kidole gumba, na ni fupi."

Nikampa mita ashike kwenye redio, nikabonyeza. Sindano ilianguka hadi tisa kabla redio haijazimika. Nikaenda kupima stoo huku yeye akibonyeza: betri ilibaki kwenye kumi na mbili. Volti tatu zilikuwa zikiishia darini, zikiwapasha panya joto. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemsimamisha mwanafunzi mbele ya darasa kwa kutojua kwamba waya ndefu na nyembamba hula volti.

Dereva alileta nyaya nene za lori. Tukahamishia betri nje, chini ya dirisha, mita mbili tu kutoka mezani. Nikabonyeza, nikamwita mzee hewani, nikaomba radhi huku wenzetu wote wakisikiliza.

"Nimesamehe," akasema. "Lakini shida ilikuwa nini?"

"Waya."

"Waya gani?"

"Nyembamba."

"Rudia, mwalimu. Wenzetu wa Mombasa hawakushika vizuri."

Walikuwa wameshika vizuri sana. Nilirudia mara tatu, na dereva, aliyekaa kitandani kwangu na kikombe mkononi, alicheka hadi akajimwagia chai.