Bi Pisha Anaupisha Mradi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kabatini, kwenye cheti cha ndoa, chini ya mashuka. Mtaani aliitwa Bi Pisha, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa na dirisha moja pana na mlango mmoja. Mteja akija, badala ya kukaa kwenye benchi, husimama mbele ya dirisha aanze porojo, na mwanga wote ukaishia mgongoni mwake. Hapo Bi Pisha, bila kuinua kichwa, husema, "Pisha mwanga." Mtu anasogea. Akikumbuka umbea mwingine anarudi pale pale, naye anaambiwa tena, "Pisha mwanga." Kwa miaka ishirini na saba alisema hivyo labda mara kumi kwa siku, kwa hiyo kama kuna mtu aliyelijua neno kupisha nje ndani, ni yeye.

Dirisha lenyewe lilikuwa na sababu yake. Usichanani alijifunzia kazi kwenye karakana ya mjomba wake, na wanagenzi waliwekwa chumba cha nyuma, ambamo uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ulishonwa kwa kupapasa. Huko aliacha nusu ya macho yake. Alipoposwa na mwashi mmoja, mtu wa mikono mizuri na maneno machache, aliulizwa anataka nini ndani ya nyumba. Wenzake wangetaja makochi. Yeye alisema, "Dirisha la mashariki." Majirani walitania kwamba mwashi alijenga dirisha kwanza, halafu ndipo akaizungushia nyumba. Mwashi alifariki mapema, akaacha mjane, dirisha, na dada mwenye ulimi mrefu, ambaye kwa Bi Pisha alikuwa wifi.

Ndipo likaja tangazo. Lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, na lilisema hivi: "Wananchi wote mnakaribishwa kutoa maoni yenu kuhusu Mpango wa Makazi Bora. Maoni yenu ni muhimu sana. Nyumba zitakazopisha mradi zimeorodheshwa hapa chini." Mwalimu mstaafu wa mtaa alisahihisha alama za vituo kwa kalamu nyekundu, akaondoka ameridhika, wala hakuona kwamba nyumba ya tano kwenye orodha ilikuwa ya kwake. Ya tatu ilikuwa ya Bi Pisha.

"Angalau jina lako wameliandika vizuri," wifi yake alimwambia.

"Wifi, wanataka kunibomolea."

"Nimeona. Lakini kwa heshima. Wamekukaribisha."

Mkutano ulifanyika alasiri, kwenye darasa la watoto wa miaka minane. Watu wazima walijibana kwenye madawati, magoti yakakaribia masikio, na katika hali hiyo ni vigumu mtu kupinga jambo lolote akaonekana ana akili. Mbele, juu ya meza, kulikuwa na mfano wa mradi uliotengenezwa kwa makaratasi magumu: maghorofa meupe, miti ya sifongo, na watu wadogo wa plastiki ambao wote walikuwa wakitabasamu na hakuna aliyebeba ndoo. Bi Pisha aliinama akatafuta nyumba yake. Hakuiona. Alihesabu kutoka kwenye mfereji, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hapo kidole chake kikagota kwenye kigari chekundu cha plastiki. Kilikuwa kimeegeshwa sawasawa juu ya dirisha lake.

Mwenye mkutano alikuwa Afisa Mipango, kijana mchangamfu aliyevaa koti la bei mbaya. Bi Pisha alilipima kwa macho akaona bega la kushoto limewekwa mbele kuliko la kulia. Yeyote aliyelishona hakumwita mwenye koti kulijaribu. Kijana huyo aliwaita wakazi "wadau", akaliita jambo zima "shirikishi", na kila alipolitamka neno hilo Mwenyekiti wa mtaa alipiga makofi, kwa vile duka lake la vifaa vya ujenzi halikuwemo kwenye orodha. Kisha fomu zikagawiwa. Zilikuwa na vijisanduku vitatu vya kuweka alama: Naunga mkono. Naunga mkono sana. Naunga mkono, ila nina swali.

"Na asiyeunga mkono anaweka wapi?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Swali zuri sana," alisema Afisa. "Weka cha tatu."

Karani wa mkutano alikuwa mzee aliyestaafu mahakamani. Miaka thelathini na mbili aliandika maneno ya mahakimu, ya wezi na ya mashahidi bila kuruka hata kikohozi, na hakujua namna nyingine ya kuandika. Wenye mikutano wengi hawampendi karani wa aina hiyo, lakini Afisa alikuwa mgeni, na Mwenyekiti alimteua kwa kuwa hakudai posho.

Kila mkazi alipewa dakika mbili. Tuseme ukweli, wakazi wenyewe hawakujisaidia. Wa kwanza alitumia dakika zake zote kushukuru. Fundi baiskeli alilalamikia mbwa wa jirani yake, jirani akasimama kumtetea mbwa, na dakika nne zikaliwa na mbwa ambaye hata hakuhudhuria. Mwalimu mstaafu alieleza kwa nini koloni si nukta pacha tu. Kila mara Afisa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu na kusema, "Tumelichukua hilo." Kufikia zamu ya Bi Pisha, Afisa alikuwa amechukua mambo kumi na moja, na mikono yake ilikuwa mitupu.

Bi Pisha alikuwa ameandika kurasa tatu, akazirudia wiki nzima mbele ya cherehani. Aliposimama, dawati likasimama naye, kwa sababu alikuwa amenasa. Watu wakavunjika mbavu. Akajinasua, akaziacha zile kurasa, akasema yaliyokuwa moyoni.

"Mwanangu, mimi ni fundi. Mtu akiniletea kitambaa, nampima, nakata, nashikiza kwa uzi mrefu, namwita aje ajaribu. Akisema kwapa linambana, nafumua. Nyinyi mmetuita kujaribu, lakini nguo naona mmekwisha kuishona, mmeipiga pasi na vifungo mmetia. Nikisema inanibana, mtafumua?"

"Tumelichukua hilo, mama."

"La pili. Karatasi yenu inasema nyumba yangu itaupisha mradi. Hilo neno nalijua, ndilo jina langu. Mimi mtu nikimwambia pisha, anasogea, kinachopita kinapita, naye anarudi aliposimama. Hajahama huyo. Sasa na mimi nikishaupisha huu mradi wenu, narudi mahali pangu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Afisa naye akacheka. Alikuwa kijana aliyependa kupendwa, na mchana kutwa hakuwa amechekewa na mtu. Hapo akaona nafasi yake.

"Mama yangu, wewe usiwe na shaka kabisa!" alisema, mikono juu. "Mradi upite usipite, wewe rudi tu mahali pako, ukae dirishani kwako!"

Vicheko vikaongezeka. Mzee karani peke yake hakucheka. Alinyoosha kalamu.

"Niandike?"

"Andika, mzee! Andika yote!" alisema Afisa, machozi ya kucheka yakimtoka.

Basi mzee akaandika. Mwisho Mwenyekiti alitangaza kwamba maoni yamepokelewa, soda zikagawiwa, na waliokuja kupinga walipanga foleni kama waliokuja kushangilia. Muhtasari ulipokamilika, Mwenyekiti aliupiga mhuri na Afisa akatia saini. Hakuna kati yao aliyeusoma. Wakazi wangapi walisoma walichotia saini siku ile nalo ni swali jingine.

Ripoti ilitoka baada ya miezi miwili. Wakazi wote waliunga mkono. Walioacha fomu tupu walihesabiwa kuwa wameunga mkono kwa ukimya. Mbwa hakutajwa.

Siku ya kubomoa, Bi Pisha hakupiga kelele. Alimwomba dereva wa tingatinga jambo moja, amtolee fremu ya dirisha kabla hajaanza. Dereva alizima mtambo, akashuka, akaing'oa kwa mtaimbo polepole kama mtu anayeng'oa jino la mama yake, wala hakuweza kumtazama usoni. Bi Pisha akaibeba kichwani hadi kwa wifi yake. Aliahidiwa nyumba namba kumi na nne, ghorofa ya tatu, baada ya miezi kumi na minane. Aliuliza madirisha ya namba kumi na nne yanatazama wapi. Aliambiwa swali zuri sana.

Chumba alichopewa na wifi yake kilikuwa na kidirisha kilichotazama ukuta wa jirani. Ilikuwa karakana ya mjomba wake tena, na safari hii macho yalikuwa ya mtu wa miaka hamsini na nane. Alishona kwa kupapasa. Miezi kumi na minane ikapita, ikapita mingine kumi na minane. Siku moja bibi harusi mtarajiwa alirudisha gauni, na mama yake akalikunjua mezani: mshono wote wa ubavuni, kuanzia kwapani hadi chini, ulikuwa wa uzi wa kahawia kwenye kitambaa cheupe. Bi Pisha aliomba radhi, akalifumua na kulishona upya, na walipoondoka akalia. Alilia kwa uchungu na kwa aibu, na aibu ndiyo iliyozidi.

Wifi yake, ambaye ulimi wake ulikuwa na utani wa kila msiba, siku hiyo alikaa kitandani akazungusha kibweta cha nyuzi mikononi.

"Jana nimepita kule," alisema mwisho. "Kwako."

"Wamefika ghorofa ya ngapi?"

"Ghorofa gani, wifi? Kule kuna majani tu. Na ule ubao wao wenye picha. Mwenyekiti amemwaga mchanga wake wa biashara pale ilipokuwa nyumba ya mwalimu."

"Na kwangu?"

"Kwako hakuna kitu. Hajapita hata mbuzi."

Bi Pisha alifuta uso kwa kipande cha bitana. Halafu akaanza kucheka, na wifi yake akaogopa kidogo. Akavaa viatu, akaenda kwa mzee karani. Mzee alikuwa na nakala, bila shaka. Alikuwa na nakala ya kila kitu tangu ujana wake. Ukurasa wa nne ulisomeka hivi: "Fundi cherehani aliuliza kama akishaupisha mradi atarudi mahali pake. Afisa Mipango alijibu: mradi upite usipite, wewe rudi tu mahali pako, ukae dirishani kwako. (Kicheko.) Karani aliuliza kama aandike. Afisa alimwagiza aandike yote. (Kicheko kikubwa zaidi.)" Chini kulikuwa na mhuri na saini, na ilikuwa saini nzuri yenye mikia miwili.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, mtaa uliona maajabu. Bi Pisha alitangulia na fremu kichwani, wifi yake akafuata na benchi, na fundi baiskeli akasukuma mkokoteni uliobeba cherehani, mbwa wa jirani nyuma yake. Walifunga turubai kwenye miguu ya ubao wa mradi, kwa hiyo zile familia za kwenye picha, zilizokuwa zimepauka zikabaki meno tu, sasa zilikuwa na kazi ya kushika paa. Fremu waliisimamisha kwa matofali, upande wa mashariki. Ukurasa wa nne uliwekwa ndani ya nailoni, ukaning'inizwa kwa uzi wa kahawia. Kufikia saa nne wateja wawili walikuwa kwenye benchi, na uzi uliingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu alipojaribu.

Afisa alifika siku ya tatu, kwa gari jekundu. Alikuwa amepanda cheo na koti lilikuwa jipya, ila fundi alikuwa yule yule. Aliegesha, akashuka, akaja kusimama mbele ya fremu, mkono kiunoni.

"Mama, hapa ni eneo la mradi. Huruhusiwi."

"Soma hiyo karatasi, mwanangu."

Alisoma. Alisoma tena, midomo ikicheza, akafika kwenye saini, akaitazama kama mtu aliyekutana na pacha wake. Mzee karani, aliyekuja kutiwa kiraka kwenye suruali, alitoa kalamu mfukoni.

"Lakini ule ulikuwa utani," Afisa alisema.

"Na sisi tulicheka. Imeandikwa hapo."

"Mama, nyumba yako iliupisha mradi. Ilikwishapisha."

"Iliupisha. Nimekaa pembeni miaka mitatu, macho barabarani, nangojea upite. Umepita?"

Afisa aliangalia majani, akaangalia mchanga wa Mwenyekiti, akaangalia mbwa. Alifungua mdomo, na kila mtu pale akajua anataka kusema swali zuri sana, ila halikutoka. Aliendelea kusimama pale pale, jua lote la asubuhi likiishia kwenye mgongo wa koti lake.

Bi Pisha alikuwa amekwisha kuinamia cherehani. Alikuwa anashona sare ya shule, nyeusi, kwa uzi mweusi.

"Pisha mwanga," alisema, bila kuinua kichwa.

Afisa akasogea.