Skrubu Ndefu na Kivuko cha Sengerema

Fundi wa kompyuta mjini alimwaga mezani kopo la skrubu zilizochanganyika, akaokota moja ndefu na kuanza kuikaza kwenye diski ya kompyuta ya mwalimu mmoja wa Sengerema. Bisibisi ikagoma.

"Tafuta fupi," mwalimu akasema. "Hiyo itatoboa diski."

"Mama, skrubu ni skrubu tu."

Mimi, nyuma ya mwalimu kwenye foleni, nikatazama saa kwa mara ya tano. "Fundi, kaza bwana! Wengine tunawahi kivuko."

Mwalimu akageuka. "Humo mna alama za darasa zima. Na mimi nawahi kivuko hicho hicho."

Akaanza kuchagua skrubu moja moja, kama anayechambua mchele, mpaka zikatimia nne fupi, fundi akazikaza.

Kivuko kilituacha wote wawili. Tukisubiri kingine, yeye alisinzia, kompyuta mapajani. Mimi nilikuwa bado natazama saa.